Mtaa Usiozima Kitu

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya waya wa resho niliijua kabla sijaijua harufu ya mvua. Resho ni lile jiko dogo la umeme, sahani moja ya udongo yenye waya uliojisokota ndani yake kama mdudu aliyelala, na kule Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni nje kidogo ya Kolwezi, hapakuwa na nyumba isiyokuwa nalo. Vumbi letu ni jekundu, linaingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Umeme ukikatika, linatua polepole juu ya waya uliopoa. Umeme ukirudi, waya unageuka mwekundu, vumbi linaungua, na safu nzima ya nyumba inanuka kama msumari uliotiwa motoni. Watoto wengine walikua wakifurahia harufu ya mkate. Sisi tuliikimbilia hiyo, kwa sababu maana yake ilikuwa kwamba leo tutakula.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo sitaandika kwa mapambo. Nataka kueleza jinsi mdogo wangu Ilunga alivyokufa katika kiangazi kimoja cha baridi, kwa sababu tangu siku ile watu wa Kapata wanasema ni mimi niliyemuua. Nilikuwa na miaka tisa, yeye minne. Mkono wangu wa kulia una makovu mpaka kwenye kiwiko, na wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sijapoa. Majina nitayataja, na wenye majina hayo kama wako hai waje waseme mimi ni mwongo.

Kwanza muelewe tulivyoishi na umeme. Kampuni ilitupa nyumba, ilitupa unga, ilitupa hospitali na shule, na umeme ilitupa kama Mungu anavyotoa jua. Hapakuwa na mita ukutani. Hakuna mtu aliyepita kuuliza mmetumia kiasi gani. Ndiyo maana Kapata hatukuzima kitu. Taa ya barazani iliwaka mchana na usiku mpaka balbu ife yenyewe. Resho halikuzimwa: lilipika, lilichemsha maji ya kuoga, na kiangazi, wakati upepo wa asubuhi unakata midomo, lilikuwa ndilo moto wetu wa kuota. Juu yake mama alifunga kamba kutoka msumari hadi msumari na kukaushia nguo. Kila nyumba ilikuwa na kamba hiyo. Kitufe cha resho letu kilikwisha kuvunjika zamani, na hakuna aliyekitafutia dawa, maana kitufe cha nini kwenye kitu kisichozimwa? Hata plagi haikuwepo. Nyaya mbili zilichomekwa uchi kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kibiriti zilizokwisha kuwashwa.

Baba alijivunia mambo hayo. Jina lake Kalenga, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya kampuni, mtu wa mabega mapana na kicheko kikubwa. Mara moja dada yake mkubwa alikuja kutoka Lubudi, ambako walikuwa wakulima, akaleta mihogo na kuku mmoja kwenye kapu. Asubuhi akaona taa ya barazani inawaka na jua limekwisha kupanda, akanyoosha mkono aizime. Baba alicheka mpaka akakaa chini, akamwita Yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. "Yaya, acha ile kintu. Batu ya kampuni habazimake taa. Kuzima ni mambo ya batu ya village." Shangazi hakukasirika. Alimtazama tu, akasema, "Basi jua yenu itasikia haya, Kalenga. Inakuya kufanya kazi, inakuta munaajiri mwingine." Tulicheka sote, na maneno yake tukayafanya mzaha wa nyumba. Ilunga, ambaye hakuelewa kitu, alikuwa akiinyooshea taa kidole na kusema, "Jua ya mbili," na baba anamrusha juu na kumdaka.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Sisi watoto hatukuambiwa, tuliona tu. Unga ulichelewa, kisha ukaja nusu, kisha tukasikia neno mwezi ujao. Baba aliendelea kwenda kazini kila ving'ora vilipolia, akirudi mikono ikiwa safi kama ya padri, maana hapakuwa na chuma cha kuchomelea. Mama alichukua jembe na kuungana na akina mama wengine waliolima ng'ambo ya reli. Na umeme, ule wa Mungu, ukaanza kukatika. Walikuwa wakiiba nyaya za shaba kwenye nguzo, na waliokuwa wakiiba wengi tuliwajua, tulisali nao. Umeme uliondoka jioni ukarudi kesho, au uliondoka siku mbili ukarudi saa ambayo hakuna aliyeitegemea, ukakaa kidogo, ukaenda tena.

Hapo ndipo ungedhani watu wangejifunza kuzima. Walijifunza kinyume. Kwa kuwa hakuna aliyejua umeme utarudi lini, kila mtu aliacha kila kitu kikingojea. Radio iliachwa imefunguliwa, sauti hadi mwisho, ili umeme ukirudi ipige kelele na mama aliye shambani asikie. Sufuria iliwekwa juu ya resho lililopoa, maharagwe na maji ndani yake, ili isipotee hata dakika moja. Ukipita mtaani umeme ukiwa umekatika, Kapata ilikuwa kimya kama makaburi, lakini ndani ya kila nyumba kulikuwa na vitu vilivyokodoa macho, vimeshika mdomo, vinangoja. Na umeme uliporudi, vyote vilirudi pamoja. Radio mia zililia kwa mpigo mmoja. Kule shambani akina mama waliangusha majembe na kupiga vigelegele, umeme wakiuita kuran. "Kuran inarudia! Banamama, kuran inarudia!" Wengine walikimbia nyumbani. Wengine walisema, acha ipike yenyewe, wakamalizia tuta lao.

Nyaya za mtaa hazikuweza kubeba mshindo huo. Kila umeme uliporudi, fyuzi zilikatika, tena na tena, na watu wakachoka. Fundi umeme wa kampuni aliyekuwa na zamu mtaani kwetu aliitwa Mwepu. Hilo ni jina la kwanza. Mtu mwembamba, mcheshi, kila mara njiti mdomoni. Fyuzi zilizotumwa kwa ajili ya mtaa wetu hazikufika kwenye nyumba zetu. Ziliuzwa sokoni, na kila mtu alijua, hata sisi watoto tulijua. Badala yake Mwepu alipita nyumba kwa nyumba na vipande vya waya wa shaba, mnene kama kidole cha mtoto, akavifunga mahali pa fyuzi. Mama alimuuliza, "Tata Mwepu, hii haitakatika?" Naye akatabasamu na njiti yake. "Mama Ilunga, hii haitakatika hata siku ya kiyama. Mutakula bukari mpaka mutachoka." Bukari ndiyo ugali wetu. Mama akamshukuru, akampa maboga mawili. Mtaa mzima ulimsifu Mwepu. Fyuzi kazi yake ni kufa ili nyumba isife, lakini nani angetueleza? Alijua yeye, na alijua mkubwa wake, Tata Kazembe, mkuu wa mtaa, aliyemwoza Mwepu binti yake. Hilo ndilo jina la pili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi ninayoisema, Ilunga alikuwa na homa. Umeme ulikuwa umekwenda tangu siku iliyotangulia. Usiku alikuwa amekojoa kitandani, blanketi likalowa, na mama akaliosha na kulitundika kwenye kamba juu ya resho, kama tulivyofanya siku zote. Aliweka sufuria ya maharagwe. Aliongeza maji. Alizungusha kitufe cha radio mpaka mwisho, radio ikiwa bubu. Kisha akamlaza Ilunga chumbani, akanilaza mimi kando yake nimpe joto, akasema, "Lala na mudogo yako. Usimufungulie mutu." Akatoka, akafunga kufuli kwa nje. Alifunga kwa sababu wezi wa mchana walikuwa wakiingia majumbani kuchukua maresho na radio. Kila mama wa Kapata alifungia wanawe. Madirishani kampuni ilikuwa imetuwekea nondo za chuma, na baba mwenyewe ndiye aliyezichomelea, za mtaa mzima. Zilikuwa kazi nzuri. Hakuna mwizi aliyewahi kuzikata.

Tulilala. Ilunga alinishika sikio, ndivyo alivyopenda kulala, akaniuliza kama maharagwe yameiva. Nikamwambia hata moto haujawaka. Akasema, "Yaya, basi uyaambie yangoje." Niliamshwa na radio. Ilikuwa muziki, gitaa na wanaume wakiimba, sauti kubwa hata kuta zilikuwa zikitetemeka, na kutoka kila nyumba wimbo uleule. Nilifurahi. Nilisikia harufu yetu ya vumbi linaloungua, nikajua maharagwe yataiva, nikafunga macho tena. Sijui ilipita muda gani. Nilipoyafungua, harufu ilikuwa nyingine, ya sufu na nywele, na chini ya mlango moshi ulikuwa unaingia, mzito, unatambaa sakafuni.

Kamba ilikuwa imekatika kwa joto na blanketi lilikuwa limeanguka juu ya resho. Ndivyo nilivyoona nilipofungua mlango wa jikoni: sufuria imepinduka, blanketi linawaka, pazia limekwisha kushika, na resho jekundu kuliko nilivyowahi kuliona, linanguruma. Waya ukutani ulikuwa unayeyuka na kudondosha matone ya moto. Pale ndipo fyuzi ingekatika. Shaba ya Mwepu haikukatika. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba waya ukitoka kwenye soketi resho hufa, kwa hiyo niliushika kwa mkono na kuuvuta. Umeme ulinishika. Uliponiachia nilikuwa ukutani upande wa pili, mkono hauna ngozi.

Nilipiga kelele. Nilirudi chumbani, moshi umejaa hata kitanda sikioni, nikapapasa mpaka dirishani, nikashika nondo, nikaita mama, nikaita mama Feli wa nyumba iliyoungana na yetu, nikamwita kila niliyemjua. Na radio zilikuwa zinaimba. Radio yetu, radio ya mama Feli, radio za mtaa mzima, zote hadi mwisho, kama zilivyoachwa, na waliobaki mtaani walikuwa wakicheza. Nilimwona mwanamke barabarani, ndoo kichwani, anapita anayumbisha kiuno kwa wimbo ule. Alikuwa karibu hata ningeweza kumrushia kiatu. Hakugeuka. Na ng'ambo ya reli, mama alisikia radio. Alisikia, akainua kichwa, akawaambia wenzake maharagwe yangu yamekwisha kuanza kuchemka. Kisha akainama akaendelea kulima. Hayo niliyasikia matangani, kwa mwanamke aliyekuwa kando yake, akiyasimulia kwa upole, kama mtu anayesifu.

Aliyetuona ni mzee mmoja mstaafu, Tata Sumba, na si kwa kusikia, maana masikio yake yalikuwa yamekwisha kwenye mashine za kusaga mawe. Aliona moshi juu ya paa. Alikuja na mtaimbo akazipigania zile nondo za baba mpaka mbili zikapinda, akanivuta kwa mabega. Nilimwambia Ilunga yuko kitandani. Hakunisikia. Nikamwonyesha kwa mkono uliokuwa mzima. Akaingiza kichwa, akakohoa, akaingiza tena. Ilunga hakuwa kitandani. Alikuwa ameogopa, ameingia chini ya kitanda, huko ambako watoto hujificha radi ikipiga. Majirani walimtoa paa lilipokwisha kuanguka.

Moto huzaa jivu, na jivu letu lilizaa uongo. Kesho yake Tata Kazembe alikuja matangani na suti yake, akasimama katikati ya watu, akasema kwamba amechunguza, na kwamba mtoto mkubwa ndiye aliyecheza na kibiriti. "Njo ile, bandugu. Mutoto anacheza na kibiriti. Tuchunge batoto yetu." Mwepu alikuwa nyuma yake, njiti mdomoni, anaitikia kwa kichwa. Kibiriti nyumbani kwetu kilikuwa hakijawashwa tangu mwezi ule uanze. Njiti pekee zilikuwa zile mbili, zilizokwisha kuungua, zilizobana waya kwenye soketi. Baba alijua hivyo. Alitazama chini. Waliopoteza nyumba walipewa nyingine na mkuu wa mtaa, kama mkuu wa mtaa akipenda. Mchungaji akasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa, kana kwamba ni Mungu aliyeuza fyuzi. Na watu walikubali haraka, maana kila mmoja wao alikuwa na kamba, na sufuria, na shaba ya Mwepu ukutani, na kama si kibiriti changu basi ni wao wote. Jioni ileile, wimbo wa maziko haujakwisha, umeme ulirudi na radio za Kapata zikalia.

Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, mkono umefungwa kwa majani ya mgomba, na nilimtazama mama. Yeye alijua kuliko wote. Ni yeye aliyeweka sufuria, ni yeye aliyetundika blanketi, ni yeye aliyefunga kufuli. Nilingoja aseme, huyu mtoto hakugusa kibiriti, ni resho nililoliacha mimi. Maneno machache tu. Mama alijifunika kitenge usoni. Toka siku ile mtaani niliitwa Kibiriti, na shuleni pia, mpaka nikaacha shule. Mama alinisikia naitwa hivyo kisimani, akaendelea kuchota maji. Jina la tatu, basi, ni la mama yangu, Ngoie. Nimeliandika. Limekuwa zito kuliko yale mawili pamoja.

Sasa nakaa Dilala, palepale Kolwezi, na watu wa umri wangu tuliobaki tunahesabika. Mwepu alikufa kwa ugonjwa wa ini, kitandani kwake. Kazembe alizikwa kwa heshima. Umeme siku hizi tunaununua, unapokuwepo, na unapokatika tunaita delestaji kwa mazoea, kama tunavyotaja jina la jirani. Mwezi uliopita vijana wenye megafoni walipita mtaani kutufundisha kubana matumizi: chomoeni televisheni, chomoeni dekoda, chomoeni chaja za simu, vitu hivyo hata vikizimwa vinanyonya umeme polepole. Ni kweli. Mimi nyumbani kwangu hakuna kijicho chekundu kinachowaka bila mtu mbele yake. Mwanangu mkubwa, Tresor, ananiona mkali. "Mama, haina kintu, iko inalala tu," ananiambia kuhusu televisheni yake. Namjibu kwamba kitu kinacholala na waya mdomoni hakilali, kinavizia. Lakini niliwauliza vijana wale kama megafoni yao imepita pia kule migodini, ambako taa za uzio zinawaka saa sita mchana juu ya mashimo, mfululizo kama barabara, na sisi huku chini tunapika kwa makaa. Walicheka. Mmoja akasema, "Mama, sisi tunatumwa kwa raia." Wakati wa baba ubadhirifu ulikuwa wetu, tuliugawana sote na ukatuua wenyewe. Wa leo una wenyewe, na sisi tumebakiwa na mafunzo ya kuchomoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini ufa uko kwa mmoja na anayetumwa kubeba matofali ni mwingine.

Mama naye anakaa nami. Ni mzee, anaona nusu, na hajagusa kitufe cha umeme kwa kukiwasha tangu kiangazi kile. Kuzima ndiyo kazi yake. Anapita na fimbo chumba kwa chumba, anapapasa kuta, anachomoa. Amechomoa simu za watu katikati ya maongezi. Wajukuu wanamwita Kambo Delestaji, yaani Bibi Delestaji, na yeye anacheka nao. Juma hili umeme ulikaa siku nyingi, jambo la ajabu, nikajaza friji nyama kwa ajili ya arusi ya mtoto wa jirani. Juzi mchana nilirudi kutoka sokoni nikakuta maji ya damu yametapakaa sakafuni, waya wa friji uko chini, na Tresor amesimama juu ya mdogo wake Dorkasi, msichana wa miaka minane, anamwonyesha kidole. "Ni weye. Ulikuwa unacheza nyuma ya friji, mi nilikuona." Mtoto analia, anasema si yeye, na kadiri anavyosema ndivyo anavyoonekana kama ni yeye. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, mikono juu ya fimbo. Nilimtazama. Nilijikuta nimesimama na kapu bado kichwani, siwezi kulitua, na mkono wangu wa makovu umeanza kuwasha.

Kisha mama akasema, bila kugeuza uso, "Acha mutoto. Ni mi."

Tresor akashusha kidole. Dorkasi akafuta pua. Mimi nilingoja, maana nilidhani bado anasema, nilidhani neno lile linakuja na mengine nyuma yake, yale niliyoyangoja kwenye mkeka, mkono ndani ya majani ya mgomba. Mama aligongagonga fimbo sakafuni mara chache, akauliza kama nyama yote imeharibika. Nikamwambia ndiyo, yote. Nikatua kapu, nikachukua kitambaa, nikapiga magoti kufuta maji.